Resori Mbili Ndani ya Kapu la Udongo

Mapendo, mjukuu wangu, muke mwenzangu,

Kaa chini kwanza. Usisome barua hii umesimama mlangoni huku bashangazi zako wakikuvuta mkono. Wao wamekwisha kukuambia yote ya jikoni na ya chumbani, na wewe umeitikia kama mutu asiyejua kitu, nilikuona. Mimi sina la kuongeza hapo. Kupika unajua. Kulima unanishinda. Mume wako ana masikio makubwa lakini anacheka vizuri, na hayo mengine mtajuana wenyewe.

Anayeniandikia ni Mama Eliza, muke wa katekista. Nimemwapisha asilainishe neno. Mimi mlango wa shule sikuuona hata siku moja, lakini atanisomea yote mwishoni, na nikisikia amenipamba nitajua.

Juzi uliniuliza mara mbili kwa nini sikusindikizi Makobola, kwa mume wako. Nilikuambia ni miguu. Ukaenda nyuma ya nyumba ukalia, ukafikiri sikusikia. Mapendo, miguu yangu ni mizima. Leo asubuhi nimetembea mpaka mtoni na kurudi na kapu la udongo kichwani. Siji kwa sababu ya baba mkwe wako. Naona haya kuingia katika nyumba ya Fundi Asukulu, na haya hiyo ninayo tangu wewe ukiwa na mapengo ya meno.

Unaikumbuka kamyo ya Mgiriki iliyokufa karibu na daraja, kwenye njia ya Lweba. Nyinyi batoto mlikuwa mnapanda ndani yake na kuiga sauti ya dereva mpaka mate yanawatoka. Ilikuwa inabeba pamba. Injini ilipasuka, Mgiriki akaja na watu wake wakaing'oa, wakaondoka nayo, na mabaki akatuachia sisi wa Baraka, mradi kando ya njia pasafishwe.

Kabla ya hiyo kulikuwa na nyingine, iliyokufa mlimani, njia ya kupanda Fizi. Wewe hukuiona. Ile tuliila kama fisi. Kila mutu alikuja na njaa yake. Wahunzi waliwasha moto chini yake ili chuma kilegee, na moto ule ukaunguza mipira yote, moshi mweusi siku mbili. Mabati yakajikunja kama majani makavu. Risasi ya batri ikayeyuka ikaingia mchangani, wavuvi waliotaka vizito vya nyavu wakabaki wanachokora mchanga na vijiko. Kamyo nzima, na mwishowe kila mutu alirudi kwake na kipande cha kutupia mbuzi.

Kwa hiyo, hii ya Mgiriki ilipokufa, Fundi Asukulu alisema hii isiharibiwe kama ile. Alikuwa muhunzi wetu hapa, nyumba yake ilikuwa pale ambapo sasa wanauza chumvi. Alimwita Ramazani, fundi wa mabati, yule anayetengeneza taa na mabirika. Alimwita Mzee Lubunga, mwenye nyavu. Alimwita mshona makobazi ya mipira. Halafu akaja mwenyewe mpaka kwangu, akanikuta nakanda udongo, akasema na mimi niende.

Ramazani aliponiona pale nimekaa nao, akauliza mwanamke wa matope anatafuta nini katika mambo ya kamyo. Asukulu hakukasirika. Alimjibu hivi: "Bila bomba yake, moto nitapuliza na kinywa yangu?"

Walicheka wote, na Ramazani pia. Unajua kazi yangu ile: bomba la udongo linalopeleka upepo wa mivukuto katikati ya moto. Likipasuka, muhunzi anakaa bure. Nilikuwa namtengenezea Asukulu mabomba tangu babu yako yuko hai.

Basi wakapatana. Mipira itoke kwanza, kwa kisu, bila moto. Halafu batri ifunguliwe, risasi yake iyeyushwe ndani ya vyungu vyangu na kumiminwa katika vidude vya udongo nilivyofinyanga, vitoke vizito vya nyavu. Halafu Ramazani akate mabati kwa tindo, akifuata mishono, asipige shoka. Moto wa muhunzi uwe wa mwisho, kwa sababu moto ndio unaoharibu vya wengine. Na kila mmoja ampe mwenzake: mshona makobazi alitoa mpira laini wa ndani kwa ajili ya mivukuto, Mzee Lubunga aliahidi kuleta makaa kwa mtumbwi wake kutoka Ubwari, na Asukulu katika chuma cha kwanza atapiga tindo za Ramazani na visu vya makobazi kabla ya kupiga kitu chake. Mimi nilikuwa nipate jembe moja, siku ya mwisho.

Ilikuwa kazi nzuri, mutoto wangu. Sijaona tena watu wa kazi mbalimbali wakingojana hivyo. Wewe mwenyewe ulivaa makobazi ya kamyo ile, ukalala nayo usiku wa kwanza.

Sasa nakuja pale ninapokwenda polepole, na Mama Eliza ananitazama.

Unajua desturi yetu ya fundo. Mutu akiona mti wa asali porini, au gogo la mtumbwi, anafunga jani au kamba ya mgomba juu yake na kuondoka, na hakuna atakayeligusa. Kila nyumba ina fundo lake. Walifanya hivyo hivyo kwa kamyo. Ramazani alifunga lake kwenye milango, Lubunga kwenye batri, mwenye makobazi kwenye magurudumu. Asukulu alikwisha kufungua resori, zile chuma ndefu zilizopinda zinazobeba kamyo, akazilaza tisa pamoja chini ya mabati na kuzifunga fundo la nyumba yao. Fundo lile linazunguka mara mbili na kurudi ndani ya tumbo lake. Hakuna aliyejua kulifunga. Ila mimi. Alinifundisha yeye mwenyewe, miaka mingi nyuma, ili nifunge mabomba yake nikimpelekea, mafundi wengine wasiyaguse njiani, na watu walidhani amefunga yeye.

Mwaka ule kapita, msimamizi wa mashamba ya pamba, alikuwa mbaya. Asiyepalilia kwa wakati alipelekwa gerezani Fizi, akalala huko siku anazotaka yeye. Jembe langu lilikuwa limelika mpaka limekuwa kama kijiko. Mama yako alikuwa amekwisha kufa, baba yako yuko mbali kwa kazi za reli, na mimi nikilala Fizi, wewe ulale na nani? Mvua ilianza. Nilitazama kamyo ile: Ramazani bado anakata mabati yake taratibu, tindo kwa tindo, na moto wa Asukulu, na jembe langu, viko nyuma yake kabisa.

Hiyo nimekuambia ili ujue ilivyokuwa. Usiitumie kunitetea. Asukulu angeniazima jembe kama ningemwomba. Hata muke wake angeniazima. Niliona haya kuomba, sikuona haya kuiba. Ndivyo nilivyokuwa.

Muhunzi mmoja wa kule juu, karibu na Fizi, alikuwa anapita na majembe ya chuma cha kamyo kichwani. Aliniambia kwa resori mbili ananipa majembe mawili hapo hapo. Nikaenda mtoni mchana kweupe na kapu langu, kama siku zote. Nani anamtazama mfinyanzi akienda kuchimba udongo? Nilifungua fundo, nikatoa resori mbili, nikazilaza chini ya kapu kubwa, nikazifunika udongo. Halafu nikafunga tena saba zilizobaki, fundo lile lile, mara mbili na kurudi ndani ya tumbo. Vidole vyangu havikukosea hata kidogo. Ningependa kukuambia vilitetemeka.

Nilipofika nyumbani, wewe ulikuwa unacheza uani. Ulikuja ukachungulia kapu. Ncha ya chuma ilikuwa imetokeza kwenye udongo. Ukacheka ukasema, "Bibi, hii udongo iko na meno."

Nilikupiga kofi. Ulianguka ukakaa chini ukanitazama. Nikasema ni kwa sababu umemwaga unga, na kweli kulikuwa na unga kidogo umemwagika karibu na kinu. Uliuomba unga msamaha, Mapendo. Ulikusanya chembe moja moja. Ni mara moja tu nimekupiga katika maisha yako, na ilikuwa kwa sababu uliona sawa.

Siku ya moto ilifika. Wote walikutana pale kwenye kamyo, makaa yamekuja kutoka Ubwari, mabomba yangu mapya yamepangwa kwenye majani. Ramazani alikuwa na haraka ya tindo zake. Asukulu alifungua fundo, wakaona resori ni saba.

Kama fundo lingekuwa limekatwa, wangesema ni mwizi wa njiani, wangenung'unika na kuendelea. Lakini fundo lilikuwa zima. Wote walikuwa wamelitazama asubuhi ile likiwa zima. Ndilo lililomhukumu. Ramazani alisema nani mwingine angeweza kufungua na kufunga hivyo kama si mwenye fundo, na kwamba Asukulu aliwafundisha wote kungojana ili yeye asingoje. Mzee Lubunga alikuwa mutu mpole. Alimwuliza polepole, mbele ya wote, kama kuna mwingine anayejua kufunga hivyo, mkewe, mtoto wake, mutu yeyote.

Mimi nilikuwa nimesimama umbali wa hatua tatu na bomba mkononi.

Asukulu aliishika kamba ya lile fundo, bado imejikunja ilivyofungwa, akaigeuza. Mimi huwa navuta kamba kuelekea kwangu mwishoni, yeye huivuta kwenda mbele. Nililijua hilo baadaye, usingizini. Yeye alilijua pale pale. Hakuinua macho. Akasema, "Ni mi tu."

Lubunga akamwuliza mara ya pili. "Ni mi tu, mzee."

Ramazani akatema mate miguuni pake. Mimi sikusema kitu. Kinywa kilikuwa changu, hakuna aliyekishika.

Wiki ile haikuisha, Asukulu akafunga mivukuto yake, akamchukua mkewe na mtoto wao, huyu huyu mume wako mwenye masikio, wakaondoka kwa miguu. Na mapatano yakafa siku ile ile. Kila mutu alirudi na shoka. Waliwasha moto bila kungojana, mabati yaliyobaki yakapinda. Risasi iliyokuwa bado haijamiminwa ikapotea mchangani kama ya kule mlimani. Mto ulipofurika ukachukua mifupa iliyobaki. Nyavu za Lubunga zilienda na mawe mwaka ule, zikakatika mbili.

Mimi nilikuwa na majembe mawili mapya. Nilipalilia pamba yangu mapema kuliko wote, kapita akanisifu mbele ya watu. Muhogo uliokukuza ulilimwa kwa moja ya hayo. Kila nikiligonga kwenye jiwe lilikuwa na sauti ya chuma cha kamyo, nyembamba, si kama majembe mengine. Wewe ulisema linaimba. Ndilo linaloning'inia juu ya mlango mpaka leo, lile ulilonikataza kulitupa.

Miaka yote hii nilijiuliza kwa nini alinyamaza. Nitakuambia ujinga wangu, na Mama Eliza asicheke: mwaka wa kwanza nilifikiri labda ananitaka. Mjane, bado nina nguvu, nina udongo mzuri. Nilijitazama kwenye maji. Halafu hilo likapita, likabaki tu lile swali, na swali lilikuwa baya kuliko kutukanwa. Kama angenitaja ningemchukia, ningepata raha.

Halafu mwezi uliopita wakaja kwa ajili yako. Sikujua ni mtoto wa nani mpaka nilipomwona baba mutu anashuka kwenye kamyo ya pamba, amekuwa na mvi. Walileta majembe ya mahari. Unakumbuka, baba zako wadogo walishindwa kufungua furushi. Mmoja alitaka kisu. Desturi ni bibi wa msichana afungue, wakanipa kwa mzaha. Mara mbili, na kurudi ndani ya tumbo. Nilifungua kabla sijakumbuka kwamba sipaswi kujua. Wote walicheka wakasema bibi ana vidole vya muhunzi, na wewe ulicheka kuliko wote nyuma ya pazia.

Asukulu alikuwa anatazama chini. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mutu anayesema mvua itanyesha: "Yeye anajua."

Basi. Wewe hukusikia, au ulisikia ukafikiri ni sifa. Lakini Ramazani alikuwa amekaa kule kwenye wageni na kipande cha samaki mkononi, na aliacha kutafuna.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Niliposema sikusindikizi, nilikuwa natafuta njia ya kukutuma wewe peke yako katika nyumba ile, uishi humo, uzae humo, bila kujua ni nyumba iliyobebeshwa mzigo wangu. Nilikuwa naiba mara ya pili.

Kwa hiyo leo asubuhi, nilipotoka mtoni, nilipita kwa Ramazani. Alikuwa anapiga bati la taa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kapu bado kichwani, kwa maneno machache kuliko haya. Aliendelea kupiga. Nikafikiri hakusikia, uzee. Halafu akaweka nyundo chini, akasema, "Mi nilimutemeaka mate ule muntu. Sasa ile mate nitaifanya nini?"

Mzee Lubunga singeweza kumwambia. Amekufa akiamini uongo wangu, na yeye ndiye aliyemwuliza mara mbili akitaka kumwokoa.

Kufika jioni Baraka nzima itajua, Ramazani si mutu wa kukaa na neno. Kesho ukitoka nje na vitambaa vyako vya bibi harusi, wako watakaonong'ona: mjukuu wa yule mwizi wa resori, anaenda kwa yule aliyeibiwa. Nilitaka ulisikie kwangu kwanza. Na kama utatembea umeinamisha kichwa kesho, jua kwamba ni mimi niliyekiinamisha, wewe huna kosa.

Dereva wa kamyo ya pamba ameniambia kazi wanayofanya kule Makobola. Wanachukua kamyo zilizokufa za njia ya Uvira, na mipira bado inatoka kwanza, moto bado wa mwisho. Wavuvi, watu wa mabati, washona makobazi, wote wanakuja siku yao. Asukulu alianza upya na watu wengine jambo lile lile tulilomvunjia. Kitu kimoja tu amebadilisha: hakuna mafundo. Vitu vinalala wazi, na kila jioni wanavitazama pamoja kabla ya kwenda nyumbani. Dereva aliponiambia hilo nilijifanya nimeingiwa na vumbi jichoni.

Utafanya kazi katikati ya vitu hivyo, Mapendo. Siku moja utakosa kitu, na kilichopangiwa wewe kitakuwa cha mwisho katika mstari. Omba. Piga kelele kama unataka. Waambie watu usoni kwamba huwezi kungoja. Watakucheka, na utaishi. Na mutoto akikuambia udongo una meno, tazama ndani ya kapu lako kabla hujainua mkono.

Hayo ndiyo ninayo. Mengine yote nimejifunza kutoka kwako.

Sasa sikiliza. Mama Eliza atakupa barua hii jua likiwa bado juu. Mimi leo nitakaa kwake, ili usome bila kunitazama. Kesho kamyo itapita daraja, pale pale ilipolala ile ya Mgiriki. Nitakuwa nimekaa kando ya njia na kapu langu. Ndani yake kuna mabomba sita niliyoyachoma juma hili, mazuri kuliko yote niliyowahi kufanya, na lile jembe la juu ya mlango, limekwisha kulika. Mabomba nimeyafunga kwa fundo la nyumba yetu wenyewe, baya, la mara moja, mtoto yeyote analifungua.

Ukitaka niingie nawe katika nyumba ya Asukulu, mwambie dereva asimame. Nitapanda nyuma, juu ya pamba, na nitasema mwenyewe mbele yake na mbele ya mwanawe. Sitakuachia wewe unisemee, mkwe haongei na baba mkwe wake, na hata kama angeongea, kinywa ni changu.

Ukiona ni afadhali kamyo isisimame, usigeuke kunitazama. Nitayapeleka mabomba kwa miguu. Ni njia ndefu, lakini yeye aliitembea na mivukuto mgongoni, na mimi nimekwisha kukuambia kwamba miguu yangu ni mizima.

Bibi yako, muke mwenzako,
aliyekupiga bure.